Kunguru Aliyejua Kisichofanana

Kila ninapokwenda sokoni kununua maharage nagombana na muuzaji. Sianzi mimi, unaanza mkono wangu. Unazama ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko na kuleta juu maharage ya chini, yale ambayo muuzaji hakupanga mteja ayaone, na hapo lile vumbi lake linapanda puani, vumbi kavu lenye harufu ya udongo na maganda. "Dada, huniamini?" kijana ananiuliza. Simwamini. Simwamini fundi simu, simwamini mwenye mizani ya samaki, na mtu akinisifu nywele najiuliza anataka nini. Mume wangu husema nilizaliwa hivi. Hapana, nilifundishwa, na aliyenifundisha alikuwa kunguru.

Kwetu kulikuwa Izia, Sumbawanga, upande ule ambako nyumba zinaisha na mashamba ya mahindi na ulezi yanaanza. Mama alikuwa anafanya biashara ya maharage. Aliyanunua huko Chala na vijijini yakiwa yamechanganyika kila aina, akayaleta nyumbani, na wanawake kadhaa wa mtaani wakaja kukaa naye uani kuyachambua, njano peke yake, kablanketi peke yake, rosekoko peke yake. Mtaa mzima ulimwita Mama Maharage. Baba alikuwa fundi seremala mwenye kibanda chake Katandala. Tulikuwa watoto wanne, kaka Deo, dada Skola, mimi, na mdogo wetu Beni, na msimu wa maharage sote tulinuka lile vumbi hata kanisani.

Kunguru alituangukia msimu mmoja wa upepo. Anayeijua Sumbawanga anaujua upepo ule wa kiangazi, unavyopiga mikaratusi mpaka inalia na unavyopita kwenye sweta bila kuomba ruhusa. Alidondoka uani bawa moja likiwa limevunjika. Deo alitaka kumtupia mbwa wa jirani. Mama akasema hataki kelele za mbwa kwenye maharage yake, akamrushia kichwa cha dagaa, na kunguru akabaki. Bawa lilipona vibaya, akawa wa kutembea na kurukaruka, juu kabisa aliweza kufika kwenye uzio. Baba alimwita Karani, kwa sababu ya lile shati jeupe kifuani na koti jeusi, na kwa sababu alizunguka siku nzima akikagua kazi za watu huku yeye hafanyi yoyote.

Kazi yenyewe aliianza kwa wizi. Alikuwa anachomoa punje kwenye fungu na kuzitupa huku na huko, na Mama alikuwa anamfukuza kwa ufagio. Halafu Mama akagundua kwamba mara nyingine punje anayoichomoa ndiyo ile ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaitafuta, nyekundu iliyojificha katikati ya njano. Akiitoa hiyo, Mama alimpa dagaa. Akitoa njano, alipata ufagio. Mama hakuwa na nia ya kumfundisha ndege kitu chochote, alikuwa anapunguza hasara. Lakini haikuchukua muda mrefu Karani akawa anasimama kwenye ukingo wa fungu, anainamisha kichwa, anatazama kwa jicho moja kisha kwa jingine, anachomoa punje ngeni na kuja kudai ujira wake.

Mpaka hapo hakuna aliyeshangaa sana. Tulisema amezoea rangi. Kisha maharage ya njano yakaisha, likamwagwa turubai zima la kablanketi, yale yenye madoa ya zambarau, na humo punje za njano ndizo zilikuwa zimejichanganya. Wanawake walicheka mapema. Walisema sasa Karani atatoa kablanketi zote na kuacha njano, maana ndivyo alivyozoea. Karani alitazama muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akachomoa njano, ile ile aliyokuwa anaiacha siku zote. Mama alisimamisha mikono. Akaenda ndani, akarudi na vifungo vya mashati, vitatu vyeupe na kimoja cha bluu, akavipanga chini, vitu ambavyo ndege yule hakuwahi kuvigusa. Karani akatoa cha bluu. Mama akapanga vya bluu vitatu na cheupe kimoja. Akatoa cheupe. Akapanga vizibo vitatu vya soda na kokoto moja, akatoa kokoto.

"Huyu hajui maharage," Mama alisema. "Anajua kutofanana."

Alisema kwa furaha ya mtu aliyepata kibarua wa kulipwa dagaa. Waliomsikia hawakufurahi. Sisi watu wa Sumbawanga tumezoea kutaniwa na wageni. Ukishuka stendi ya mji wowote ukasema unatoka Sumbawanga, mtu anasogea kidogo na kukuuliza habari za radi na za watu wanaosafiri kwa ungo. Tunacheka, tunawajibu tunavyopenda. Ila nyumbani, ndege mweusi akikutazama kwa jicho moja kisha akatoa kifungo cha bluu, hucheki sana. Mama Anjela, mmoja wa wachambuaji, alihamisha mahali pake pa kukaa ili asimpe Karani mgongo. Aliuliza mbona haendi kwa wenzake. Aliuliza kwa nini alichagua uani kwetu wakati yadi za nafaka ziko nyingi mjini. Na siku moja, akipepeta ungo wake bila kuinua macho, akauliza swali ambalo wengine walilichukulia mzaha.

"Na akianza kuchagua watu?"

Mimi sikulichukulia mzaha, kwa kuwa nilijua akianza kuchagua watu ataanza na mimi. Ndugu zangu wote watatu walikuwa wafupi, weupe kidogo, wenye uso wa mviringo wa Mama. Mimi nilikuwa mrefu na mweusi, miguu imenitoka kwenye gauni, uso mrefu. Wageni walipokuja nyumbani walituhesabu kwa macho, wakifika kwangu walisimama. Mwanamke mmoja aliwahi kumwuliza Mama, kwa Kifipa akidhani sisikii, huyu mmoja kamtoa wapi. Mama alicheka akabadilisha mazungumzo. Nilikuwa darasa la tatu, na kile kicheko nilikaa nacho muda mrefu nikikigeuzageuza.

Nyuma ya shamba letu la ulezi walikaa majirani Wasukuma, Baba Kulwa na Mama Kulwa, waliokuwa wamehamia Ufipa na ng'ombe wao kabla sijazaliwa. Binti yao Kulwa tulikuwa darasa moja. Watu wa familia ile walikuwa warefu. Walikuwa weusi, wa kung'aa. Mama Kulwa kila jioni alinipa kikombe cha maziwa, mimi tu, Skola na Beni hakuwapa, na alikaa akinitazama mpaka nimalize. Nilikuwa nayanywa bila swali, maziwa ni maziwa. Tena alikuwa na jina lake la kuniita ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Aliniita Doto.

Kila Mtanzania anayesoma hapa ameshashtuka. Wakizaliwa pacha, wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Mimi nililisikia jina lile tangu sijajua kutembea na sikushtuka hata siku moja, mpaka Karani alipotoa kifungo cha bluu. Hapo nikaanza kujumlisha. Kulwa ni pacha, jina linasema hivyo. Doto wake yuko wapi? Kwa nini mimi na yeye tuko darasa moja, urefu mmoja? Kwa nini mwanamke mwenye ng'ombe ananitazama ninapokunywa? Nilimfuata Kulwa kisimani nikamwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, Doto wake alikwenda wapi.

Kulwa alinishangaa. "Si wewe?" akasema, akajitwisha ndoo yake.

Siwezi kueleza vizuri nilivyorudi nyumbani siku ile. Nilikuwa na hasira, na katikati ya hasira kulikuwa na kitu kama ushindi. Nilijua! Nilikuwa nimezaliwa kule kwenye zizi, wa pili, wakanitoa kwa Mama Maharage kwa sababu ambazo watu wazima wanazijua. Sasa nilitaka uthibitisho. Mtoto mwingine angeuliza mama yake. Mimi niliona kwamba kama walinificha miaka yote hiyo, nikiuliza watanificha zaidi. Pale nyumbani alikuwepo mmoja tu ambaye hakuwa na sababu ya kunidanganya.

Nilivyojua wakati ule, Baba ndiye aliyetuchongea vijiko vya mti vya kunywea uji, kila mtoto na chake. Vyote vilikuwa vimekuwa vyeusi kwa uji wa ulezi na moshi, urefu mmoja, na tulivitambua kwa mahali kila mmoja alipokichomeka kwenye ukuta wa jiko. Asubuhi moja, Mama akiwa sokoni, nilitandaza gunia, nikavipanga vinne. Karani alikuja na mwendo wake wa mkaguzi. Alitazama kwa jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto, akakishika changu kwa mdomo na kukivuta pembeni. Nikavipanga upya, changu mwanzoni. Akakivuta changu. Nikakiosha, nikaviosha vyote kwa majivu, nikaviweka kinyumenyume. Akakivuta changu, akaja kudai dagaa.

Sasa hivi, mtu mzima, najiuliza kwa nini sikuviangalia vile vijiko. Niliwaangalia ndugu zangu, nikamwangalia ndege, vijiko nikavipita. Nilishaamua kwamba Karani anaona damu. Nilijaribu pia vikombe vyetu vya plastiki, vinne vya rangi moja vilivyonunuliwa mnadani siku moja, na Karani akavitazama, akageuka, akaenda zake. Hilo sikulihesabu. Nilisema amechoka. Ndivyo shaka inavyofanya kazi, nimekuja kuijua vizuri: inaokota kinachoifaa na kupita vingine.

Tangu hapo niliishi nyumbani kwetu kama mpelelezi. Mama akinipa kipande cha nyama kikubwa, nilijiuliza anafidia nini. Akinipa kidogo, nilisema ndiyo hivyo, wa kuzaa wanajulikana. Akinisuka nywele nilisikiliza vidole vyake kama ni vizito zaidi ya vile anavyomsuka Skola. Alinipiga kofi kwa kumwaga maharage mchanganyiko juu ya yaliyochambuliwa, kosa ambalo angempiga yeyote, nami sikulia. Nilimtazama tu. Aliniuliza nina nini siku hizi, macho yamekuwa ya polisi. Nikasema sina kitu. Usiku wakati wa rozari nilipofika "Mama wa Mungu" sauti ilikuwa inanigoma.

Kisha ikaja habari kwamba kina Baba Kulwa wanahama. Malisho yalikuwa yamebana, mashamba yamefika mpaka kwenye njia za ng'ombe, na wao walikuwa na ndugu huko chini bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Wangeondoka baada ya mavuno. Wanaume watangulie na ng'ombe kwa miguu, wanawake wafuate na Fuso na mizigo. Nilipoisikia habari ile sikuwaza ng'ombe. Niliwaza kwamba mtu akihama anakusanya vyake vyote.

Mama Kulwa alianza kuja kwetu kila siku. Walikaa na Mama nyuma ya jiko, wakiongea chini chini, na nikikaribia walinyamaza. Mara mbili nilimkuta Mama ana macho mekundu, akasema ni vumbi la maharage. Vumbi la maharage halijawahi kumliza mwanamke yule. Siku moja nilijibanza upande wa pili wa ukuta, na nikasikia. Mama Kulwa alisema, "Nitamwachaje hapa?" Na Mama akajibu, "Hatumwachi. Nimekuahidi." Sikusubiri zaidi. Jioni ile nikapekua furushi ambalo Mama alikuwa amelifunga kwa kanga na kuliweka juu ya kabati. Ndani kulikuwa na maharage ya mbegu, sabuni, kitenge kipya, na juu yake, limekunjwa vizuri, sweta langu la kijani la zamani.

Sweta langu. La Skola halikuwemo. Nililirudisha nikafunga furushi kama lilivyokuwa. Nililala na gauni la Jumapili ndani ya shuka, maana niliona kama nitachukuliwa nichukuliwe nikiwa msafi. Nilikuwa naogopa. Na nitasema ukweli, kulikuwa na sehemu yangu iliyotaka kwenda, ikae mahali ambako ukipangwa kwenye mstari hakuna anayesimama kukutazama. Sehemu nyingine ilitaka Mama aamke, aje, aseme hapana. Hakuja. Alikuwa amelala.

Asubuhi ya safari upepo ulikuwa mkali. Fuso lilisimama barabarani mbele ya nyumba yetu kwa sababu kwao gari halikuweza kufika, likawa linapakiwa: magodoro, masufuria, magunia, kuku ndani ya tenga. Wachambuaji waliacha ungo zao wakatoka kuaga. Baba alikuwepo, ndugu zangu walikuwepo. Mama akatoka na lile furushi la kanga mkononi. Nilipoliona nikajua sina muda tena. Nilikimbia jikoni nikachomoa vijiko vyote vinne, nikamchukua Karani chini ya kwapa, jambo ambalo hakulipenda, nikatandaza gunia pale pale kwenye vumbi mbele ya watu. Nikavipanga. Karani akajipanga manyoya, akatazama, akakivuta changu pembeni.

"Hata Karani anajua," nikasema. "Mimi si wa hapa. Mimi ndiye Doto. Mnanipeleka leo na hamjaniambia."

Mama Anjela alijifunga kanga upya na kurudi nyuma hatua. Mama alisimama na furushi lake kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi, na Mama Kulwa akaweka mkono mdomoni. Ni Kulwa peke yake aliyeona kwamba pana mchezo. Alipanda kwenye Fuso, akapekua ndani ya sufuria, akashuka mbio na kijiko chake cha uji, akakiweka kwenye mstari kando ya changu ili na yeye achaguliwe.

Karani alirudi kwenye gunia. Alitazama vile vitano. Aliinamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto, akapita mbele yake akarudi. Akashika kijiko cha Beni, akakiacha. Akagusa changu, akagusa cha Kulwa, akaviacha vyote. Sijawahi kumwona amesimama muda mrefu vile. Mwishowe alitingisha bawa lake bovu na kwenda kukaa kivulini chini ya gari, bila kudai dagaa. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nianze upelelezi wangu, nikaviangalia vijiko. Vitatu vilikuwa na mkia wa duara, ndivyo Baba anavyomalizia kila kitu chake. Changu na cha Kulwa vilikuwa na mkia uliokatwa mshazari, na chini yake mstari mdogo uliochomwa kwa chuma cha moto. Vilikuwa vimechongwa na mkono mmoja, na mkono ule haukuwa wa Baba.

"Basi ni kweli," nikasema.

Baba alitaka kuongea, Mama akamzuia kwa mkono. Aliweka furushi chini, akakaa pale kwenye gunia na kitenge chake kizuri, akanivuta nikakaa mbele yake. Hakuwa mama wa kukumbatia watoto barabarani.

"Nimekuzaa mimi," akasema. "Nilikuzaa nina homa, nikakaa hospitali siku nyingi hata sikujui, na maziwa hayakutoka. Wewe ulikuwa unalia mpaka sauti ikaisha. Baba yako akakupeleka kwa Mama Kulwa. Alikuwa amejifungua pacha, na Doto wake alikuwa amemzika wiki ile ile. Akakuchukua. Ulinyonya mahali pa Doto."

Nilimtazama Mama Kulwa ili nione kama wamepanga. Nilikuwa hivyo hata saa ile. Yeye hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama vijiko. Baadaye, nikiwa mkubwa, Mama alinieleza yaliyobaki: kwamba Baba Kulwa hakuwahi kutengeneza kitu kimoja kwa pacha wake, akichonga cha Kulwa lazima achonge na cha mwenzake, hata mwenzake akiwa hayupo, na ndicho kijiko kilicholetwa kwangu, na kwamba Mama Kulwa aliomba tusiambiwe, mimi wala Kulwa, maana aliogopa kwamba mtoto akijua amekalia nafasi ya aliyekufa, anaweza kumfuata. Ndiyo sababu alimwambia Kulwa kwamba Doto ni yule wa kwa Mama Maharage. Aliona ni afadhali mtoto awe na pacha wa nyumba ya pili kuliko kaburi.

Lakini pale barabarani sikuyajua hayo. Nilikuwa bado na swali langu. "Na sweta langu?" nikauliza.

Mama Kulwa ndiye aliyejibu, taratibu, kwa Kiswahili chake kizito. "Nimemwomba mama yako nguo yako moja, niende nayo. Mwingine namwacha hapa. Amelala nyuma ya zizi, na zizi linabaki tupu. Mama yako ameniahidi atapalilia."

Hapo ndipo nilipoelewa ni nani ambaye hawezi kuachwa, na ni nani ambaye Mama aliahidi hatamwacha. Nilifurahi. Nilijua mimi ni wa Mama, nimezaliwa na Mama, na furaha ilinijaa mpaka masikioni. Kisha nikauona uso wa Mama Kulwa, na nikaona kwamba kilichonifurahisha mimi ndicho kinachomwondoa yeye pale bila Doto. Niliokota kijiko changu kwenye gunia nikamnyooshea, achukue, arudishe viwili pamoja. Alikipokea, akakifuta vumbi kwa kanga yake, akanirudishia.

"Cha Doto," akasema. "Kunywea uji."

Dereva alipiga honi. Watu wakaanza kusogea na kuongea wote kwa pamoja, wakipeana mikono, wakitumana salamu za watu wa bondeni. Mama Anjela alisema aliyoyasema kuhusu ndege yule na hakuna aliyemsikiliza. Kulwa alipandishwa juu ya magodoro. Mama Kulwa alimshika Mama mabega mawili, akapanda akakaa juu ya gunia na furushi letu mapajani, sweta la kijani likionekana kwenye pindo la kanga. Deo alimtoa Karani chini ya gari kabla tairi halijamfikia.

Fuso likaanza kwenda. Lilitimua vumbi lile jekundu na upepo ukalileta lote kwetu, kila mtu akafunika macho. Mimi sikufunika. Nilikuwa nimesimama kando ya Mama, kitenge chake kikinipiga miguuni, nikalitazama gari likifika kwenye mikaratusi, na mdomo ukafunguka bila kuniuliza. Niliita.

"Mama!"

"Ee," akasema Mama, pale pale kando yangu, mkono wake ukitua kichwani. Na kule juu ya magunia, katikati ya vumbi, Mama Kulwa aligeuka akaitika.